Mtoto wa miaka 4, mate yanamtoka na maneno hayasikiki
Dadangu wa Kisauni uliyeniuliza kuhusu mwanao, pole. Mdomo wazi mchana kutwa, mate yanalowesha shati, na maneno yake unayafahamu wewe peke yako: huyo ni wa kupelekwa hospitali, si wa kukatwa kimio (kile kinyama kinachoning'inia kooni) kama anavyosema mamamkwe. Anzia hospitali ya Coast General hapo Mombasa, kliniki ya masikio, pua na koo, wamwangalie nyama za puani na wampime usikivu. Kisha mtaalamu wa matamshi. Kupuliza baluni, ambako kila mtu hushauri, hakumfunzi kutamka. Neno hufunzwa kwa kulisema. Kaeni mbele ya kioo, aone midomo yako ikifunga: "maji", "baba", "mbatata". Dakika chache tu, asichoke. Akipaliwa kila anapokula au kunywa, mwambie daktari haraka, usingoje miadi.