Usitoe hiyo mashine, cheki si pesa mpaka ipite

Usimpe! Nimesoma hapo umeandika mteja anataka kuondoka na mashine yako ya kusaga leo halafu akuachie cheki ya tarehe 30, eti ni salama kwa sababu imepigwa mistari miwili, nikaacha chai hapo hapo. Aina za cheki ulizouliza tutafika, kwanza funga stoo.

Hiyo mistari miwili maana yake ni kwamba cheki hailipwi taslimu kaunta, lazima ipitie akaunti. Basi. Haikwambii kama kwa aliyeiandika kuna hata shilingi. Mistari hata mtoto wa nasari anachora!

Mimi niliambiwa hayo hayo na jirani yangu wa duka, mtu mzima anayejifanya anajua benki kuliko wenye benki. "Hiyo ni pesa mkononi, na ikirudi tunamshika." Nikatoa mabati 140, nikasaidia kupakia kwa mikono yangu, cheki ya 168,000 ya wiki 3 mbele nikaiweka kwa droo chini ya kitabu cha risiti. Siku ikafika nikaipeleka, ikarudi, akaunti haina kitu, na benki yangu ikanikata ada juu yake. Jamaa simu inaita tu. Nikaenda polisi, afisa akaitazama ile tarehe kisha akaniuliza, "Alikupa lini?" Hapo ndo nikajua. Kifungu cha 316A cha sheria ya makosa ya jinai hapa Kenya kinamshika anayeandika cheki akijua hela hazitoshi, faini hadi 50,000 au mwaka mmoja ndani, ila hilo la hela kutotosha haliigusi cheki ya tarehe ya mbele. Ukiipokea umekopesha mtu, ikirudi ni deni, kamdai mahakamani. Jirani naye eti "mimi nilikushauri tu". Mke wangu bado anamsalimia, mimi siwezi.

Sasa nisikize, mzigo hautoki mpaka cheki ipite. Sio mpaka uipeleke, mpaka IPITE, na wa kuuliza ni benki yako, sio mteja, uliza kama hizo hela unaweza kuzitoa. Akiwa na haraka akuletee cheki ya benki yenyewe, ile wanamkata yeye kwanza ndo wanaiandika, na hata hiyo mwende wote tawini uione ikitoka maana za bandia zipo. Akikataa, mashine ilale hapo hapo.

Ameshakuja na gari? Niandikie, niko macho.