Mapenzi ni kuonana

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Nimeusoma ujumbe wako, nikausoma tena baada ya isha. Waniuliza kama mapenzi yanaweza kufa ndani ya nyumba bila mtu kukosea. Wasema mumeo hutoka hapo Kimara gizani kuwahi basi la mwendokasi, jioni kila mmoja yuko na simu yake, na wewe umeanza kufikiria kurudi Tanga.

Mimi nitakwambia habari ya marehemu baba yako, maana ndiyo niijuayo.

Babu yako aliufaidi mkonge wa mwaka 1964, nchi ikitoa zaidi ya tani 200,000. Baba yako alikuta kamba za nailoni zimeshika soko na mashamba ya Muheza yamegeuka vichaka. Akaachishwa kazi, akaenda Dar, akapanga chumba Manzese. Pesa alileta, sikatai. Lakini mapenzi ni kuonana, nimelisema hili tangu hujazaliwa.

Nikafunga safari bila kumwarifu, na kikapu changu cha samaki wa kukaanga. Nyumba nikaipata. Nikamuulizia kwa jina, hakuna aliyelijua. Nikataja kimo chake, nikataja lile kovu la mkononi. Dada mmoja aliyekuwa akifua akasema, "Labda yule wa chumba cha uani, yule asiyesema."

Asiyesema! Baba yako, ambaye mwaka 1988, timu yetu ya Coastal Union ilipochukua ubingwa wa ligi, alijaza watu baraza letu la Ngamiani hadi usiku wa manane kwa kusimulia tu! Neno lile linanichoma mpaka leo. Usiku aliporudi alikula kimya. Halafu akaanza kuzungumza, na adhana ya alfajiri ikamkuta bado anazungumza.

Utaniambia: mama, sisi twaonana kila siku. Kweli. Basi labda kuonana hakutoshi. Hapana, narudi palepale. Yule dada naye alimpita baba yako kila siku pale bombani. Huko si kuonana. Wala mji siulaumu wote. Nilipomtajia yule dada jina la baba yako, tangu siku ile akamwita shemeji, na malaria ilipomwangusha ni yeye aliyempeleka hospitali. Kwa hiyo sijui niseme mji una roho mbaya au watu hawajaulizana tu. Nikikumbuka lile neno lake nasema la kwanza, nikikumbuka hospitali nasema la pili.

Ukae au uondoke, sisemi. Shangazi yako keshasema lake, na mimi ulimi unaniwasha, lakini sisemi, maana mumeo sijamsikia.

Idi njooni wote wawili. Mpande basi moja, mkae kiti kimoja, Chalinze hadi Segera hadi hapa, simu zikae mkobani. Mkishuka nitamuuliza yeye, si wewe, mlikuwa mkizungumza nini njia nzima.

Mama yako