Chai ya rangi na upungufu wa damu

Dada, umeuliza kama chai ya rangi, kwa kuwa haina maziwa, ni salama kwa mwenye upungufu wa damu. Nayo inazuia mwili kufyonza madini ya chuma ya kutengenezea damu. Kuondoa maziwa hakusaidii. Kinachokamata madini ya chuma ni tanini, ule ukakasi unaobaki ulimini, na umo kwenye majani yenyewe. Kahawa vilevile. Kunywa saa moja au mbili baada ya kula, usishushie nayo mahamri na mbaazi (najua, hapa Lamu ni kama kumwambia mtu asipumue).

Haya nimeyajua kliniki, mke wangu alipokuwa na mimba ya pili damu ikashuka. Nesi hakumkataza mbaazi wala mchicha, alimwambia tu akamulie ndimu, au ale embe papo hapo, maana vitamini C husaidia chuma cha kunde na mboga kufyonzwa. Cha nyama na samaki huingia kwa wepesi zaidi, hata kipande cha jodari mchuzini si haba. Maini ni mazuri, ila mjamzito asiyazidishe kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

Na kama una mimba, vidonge vya chuma vya kliniki usiviache. Miligramu 27 za chuma anazohitaji mjamzito kwa siku ni vigumu kuzifikisha kwa sahani peke yake.