Maswali Yenu: Watu Watano, Meza Moja

Safari hii maswali yametoka kwa vikundi vinavyorekodi Dungeons & Dragons na michezo mingine ya kuigiza mezani, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, na mwendeshaji husimulia kisa na kuwaigiza wengine wote. Karibu yote yanahusu watu kuliko dadu.

Mchezaji wetu hodari huzungumza nusu ya kipindi. Watazamaji wanampenda, wenzake wamenuna. (Kisumu)

Msimkanye mkirekodi. Mbele ya kamera atajitetea au atanyamaza, na yote mawili yataonekana. Kaeni naye siku nyingine, msikilize pamoja dakika kumi za kipindi kilichopita. Wengi wa aina hii hawajijui. Kisha mpeni kazi: kila akishika usukani, amwulize mhusika mwingine swali.

Mwendeshaji naye aandike majina kwenye karatasi na kutia alama kila mtu anapoongoza tukio. Baada ya nusu saa, asiye na alama ndiye anayefuata, tena kwa swali finyu: "Wenzako wakibishana na mlinzi, wewe umesimama wapi?" Ukimwuliza mtu mpole "Unataka kufanya nini?", umemtupa baharini. Na kama mnarekodi kwa simu moja katikati ya meza, kumbukeni kwamba sauti mbili zikipandana ni vigumu mno kuzitenganisha.

Mmoja ameiba mkufu wa mwenzake mchezoni. Tukilalamika anasema, "Ndivyo mhusika wangu angefanya." (Nakuru)

Mhusika huyo alibuniwa na nani? Kanuni iwe hivi: dadu hazirushwi dhidi ya mchezaji mwenzako mpaka akubali, na anayeibiwa ndiye anayeamua matokeo. Wizi wa makubaliano hunogesha kipindi, maana mwenye mkufu anajua, mhusika wake hajui, na watazamaji wanangoja kishindo. Akikataa, mwizi akaibe kwa adui.

Mwendeshaji wetu anataka kuacha kwa sababu tunamlinganisha na Matthew Mercer. (Kakamega)

Ana haki ya kuchoka. Wachezaji wa awali wa Critical Role, kipindi cha Dungeons & Dragons alichokiongoza Mercer, ni waigizaji wa sauti kwa kazi, na walikuwa wakicheza pamoja nyumbani kabla ya kuanza kurusha matangazo mwaka 2015. Dimension 20, kipindi kingine cha aina hiyo kilichoanza mwaka 2018, hurekodiwa na kuhaririwa kabla ya kutolewa. Ninyi hukutana Jumamosi baada ya kazi. Badala ya kumlinganisha, kila mchezaji amletee mambo mawili ya kutumia: adui wa mhusika wake na deni ambalo hajalipa. Mzigo wa kubuni utapungua papo hapo.

Mwendeshaji alimwingiza jajuok, yule mchawi wa kukimbia usiku, na mchezaji mmoja akaondoka. (Siaya)

Kinachowachekesha wengine kinaweza kuwa kidonda cha nyumbani kwa mmoja. Kabla ya mchezo wa kwanza kila mtu aandike, bila jina, mambo yasiyoingia kabisa na yale yatakayotajwa tu bila kuonyeshwa. Mezani wekeni kadi yenye alama ya X, mbinu ya John Stavropoulos: akiigusa mtu, tukio hubadilishwa na haulizwi sababu. Mkirekodi, nyamazeni sekunde tano, pigeni kofi moja, mwendelee. Kofi hilo huchomoza kwenye mchoro wa sauti, na mhariri ataona pa kukata.

Mchezaji hushika simu zamu isipokuwa yake, hata hasikii kinachoendelea. (Bungoma)

Huenda zamu ni ndefu. Mko saba? Punguzeni wawe wanne na mwendeshaji. Mkiwa wanne tayari, mpeni kazi ya kuhesabu majeraha ya maadui.