Plastiki au masalia ya majani?

SWALI: Tunatafuta chembe ndogo za plastiki katika vumbi la hewani lililotua kwenye majani. Tukitia Nile Red, rangi inayofanya plastiki ing'ae, karibu kila kitu kinang'aa kwenye hadubini. Tunakosea wapi?

JIBU: Rangi hiyo hushika hata nta ya majani, na klorofili hung'aa nyekundu yenyewe. Ondoeni masalia ya mimea kwanza: mililita 20 za myeyusho wa salfeti ya chuma (II) (0.05 M, yaani moli 0.05 kwa lita), kisha mililita 20 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, kidogo kidogo. Wekeni barafu karibu. Mchanganyiko hupanda joto ghafla na kufoka. Selulosi ni sugu, hiyo mwachieni kimeng'enya cha selulasi. Chembe zilizo chini ya mikromita 10 zithibitisheni kwa Raman (kipimo cha kutambua kemikali kwa mwanga wa leza), kipimo cha infraredi huzikosa. Sampuli tupu (isiyo na vumbi, ya kupima uchafu wa maabara yenyewe) ni lazima, na msivae poliesta maabara, nyuzi zake ni plastiki!