Msaada umeandikwa wote, na wazazi bado wanapiga simu

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Chake Chake, Pemba. Umesema tovuti ya skuli yenu ina kurasa 40 za msaada pamoja na mwongozo wa PDF, kila kitu kimo, na bado simu ya ofisi inalia tangu asubuhi kwa maswali ambayo majibu yake yamo mle mle, likiwemo la wazazi kusahau neno la siri. Unauliza kama mhamie programu nyengine. Msihame kwanza, maana fujo mtahama nayo.

Mimi nimefanya kazi miaka mitatu kwenye tovuti ya kukatia tiketi za boti za Unguja na Pemba. Msaada wetu tuliupanga kama ofisi yetu ilivyo: Mauzo, Fedha, Usafirishaji, Ufundi. Sisi tulikuwa tunauelewa vizuri sana.

Siku moja niko bandarini Malindi, Unguja, mama mmoja anayekwenda Mkoani, Pemba, akanionesha simu yake. Pesa imekatwa, tiketi haijaja. Nikamwambia afungue sehemu ya msaada. Akashusha, akapandisha, kidole kikasita juu ya "Fedha", kikaondoka. Akaniambia, "Mwanangu, fedha mimi nishalipa, humu ninatafuta nini tena?" Jibu lake lilikuwa humo humo alipopaacha, katika ukurasa uitwao "Uthibitishaji wa Miamala", aya ya sita. Nilikwenda kumshughulikia dirishani, akapanda. Usiku ule ule nikaubadilisha jina ukurasa: "Nimelipa lakini tiketi haijaja". Jibu nikalitoa chini nikaliweka mstari wa kwanza.

Baadaye tukakaa na daftari la simu la mapokezi, pamoja na maneno ambayo watu walikuwa wakiyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, hasa yale yaliyorudi bila jibu. Hapo ndipo nilipoona tulivyokuwa mbali na watu wetu. Sisi tumeandika "kughairi safari", wao wanaandika "boti imeniacha" au "nirejeshewe pesa". Neno tiketi lenyewe wengine wanaandika tikiti, wengine kwa Kiingereza. Maneno yao yote tukayaingiza ndani ya kurasa, na kisanduku tukakifundisha kwamba hayo ni kitu kimoja. Hii ni kazi ya kuchosha, lakini sijaona nyengine iliyotusaidia kama hii.

Kupanga mafungu tuliwaachia wasafiri wenyewe. Kila swali kwenye kikaratasi chake, tukavimwaga mkekani, watu wachache wasio wa ofisi yetu wakavikusanya na kuyapa mafungu majina. Hakuna aliyesema "Usafirishaji". Walisema "kabla sijakata", "kulipa", "siku ya safari".

Jambo jengine: msichanganye aina za maandishi. Daniele Procida, mtaalamu wa uandishi wa miongozo ya programu, katika mpango wake uitwao Diátaxis, anazigawa nne: somo la anayeanza, maelekezo ya kufanya kazi fulani, rejea, na maelezo ya kwa nini. Mzazi anayetaka kulipa ada saa hii anataka hatua tu. Jedwali la ada likae ukurasa wake, na sababu za ada kupanda ukurasa wake. Na ule mwongozo wenu wa PDF ukateni, kila swali liwe na ukurasa wake. Kwenye simu ndogo PDF ni mateso. Mtu akiufikia kutoka Google anatupwa ukurasa wa kwanza aanze kuchakura.

Mkibadilisha anwani za kurasa, wekeni uelekezaji wa kudumu, ule wa 301, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Sisi tulisahau. Viungo vilivyokuwa vimesambaa kwenye makundi ya WhatsApp vikafa vyote, na simu zikaongezeka badala ya kupungua.

Hilo la wazazi kusahau neno la siri halihitaji hata kufika kwenye msaada. Wekeni mstari mmoja chini ya kisanduku cha kuingilia, pale pale anapokwama: "Umesahau neno la siri? Bonyeza hapa, utaletewa ujumbe kwenye simu." Sisi tulifanya hivyo chini ya kitufe cha kulipia, na swali la pesa iliyokatwa likapungua sana mapokezi.

Niwekee hapa majina ya kurasa zenu 40 kama yalivyo, pamoja na maswali ya simu za wiki hii. Ijumaa baada ya sala nina nafasi, nitayapitia moja moja.