Sutherland mwezi wa Julai: angalia mwezi kwanza

Dada, umeuliza kama mkienda Sutherland, Afrika Kusini, na watoto Julai mtachungulia kwenye SALT, ile darubini kubwa ya kutazama nyota. Hapana. Kioo chake kina vipande 91 na upana wa mita 11 hivi, na mwanga wake huenda kwenye vifaa vya watafiti, si kwenye jicho la mtu. Mtaiona kwenye ziara ya mchana. Ziara ya usiku hutumia darubini ndogo za wageni, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo yenye raha. Mtoto akiiona pete ya Zohali kwa jicho lake mwenyewe, hataisahau.

Ila kabla ya kulipia chochote, tazama kalenda ya mwezi. Ule usiku uliosema unaangukia karibu na mwezi mpevu, na mbalamwezi hufuta nyota hafifu zote. Sogeza safari hadi mwezi mwandamo, Njia ya Maziwa itawapitia utosini. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, msikitafute jioni. Huko jioni huonekana wakati wa kiangazi, na Julai ni majira ya baridi.

Baridi usiifanyie mzaha. Kituo cha darubini kiko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na usiku wa Julai hushuka chini ya sifuri. Kofia, glavu, soksi mbili mbili. Simu zizimwe, maana macho huhitaji kama dakika 20 kulizoea giza.

Nafasi huwekwa mapema. Na kutoka Cape Town ni kilomita 370 hivi, kwa hiyo laleni mjini Sutherland, msirudi usiku huohuo.